Siku Aliyokaa Mama Kupigwa Picha

Mimi hutengeneza achari. Ndimu, maembe mabichi, pilipili mbuzi. Wanawake wa Makorora, hapa Tanga, wananijua kwa hilo na kwa uso wangu. Kila nifunguapo chupa ya siki, hata sijamimina, harufu ile hunipanda puani na papo hapo siko tena jikoni. Nimechuchumaa nyuma ya banda la mbata, lile la kukaushia nazi, jicho moja nimelibana kwenye ufa wa mbao, na ndani kuna mwanga mwekundu. Basi huiweka chupa chini nikangoja mpaka nirudi. Zaidi ya miaka arobaini imepita na bado nangoja hivyo hivyo. Wateja hulalamika kwamba achari yangu siki haikolei. Nawaambia ndivyo nilivyofundishwa. Si kweli, na nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Sikusoma. Chuo cha Kurani nilifika juzuu ya tatu nikatolewa, na kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, benchi moja na bibi mwenye wajukuu sita aliyekuwa akiniibia chaki. Kwa hiyo mkiona naandika kama ninavyosema, mnivumilie. Mwaka huu binti wa jirani aliingia kwangu kununua achari, akazungusha macho ukutani, akaniuliza, "Bi Hawa, mbona huna picha ya mama yako?" Nikamwambia hakupigwa. Akasema, "Hata moja?" kama niliyemwambia mama yangu hakuwa na miguu. Alipoondoka sikuweza kufanya kazi tena siku ile. Nimeona niandike ilivyokuwa, na waliosababisha niwataje kwa majina. Najua kuna watakaosema maiti hasemwi. Mimi nilisemwa sana nikiwa hai, na uso huu, wala hakuna aliyewakataza.

Kijiji chetu kilikuwa Mtang'ata, baina ya Tanga na Pangani. Minazi, mihogo, msikiti mmoja, kisima kimoja cha maji matamu na kingine cha maji ya chumvi ya kufulia. Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu. Mwaka wenyewe sina, najua tu kwamba uhuru ulikuwa bado na mimi meno ya mbele yalikuwa yametoka na mengine hayajaota. Baba alikuwa Mombasa, kuli wa bandarini. Mama, jina lake Mwantumu, alibaki na mimi katika nyumba ya ukoo, na mkubwa wa nyumba hiyo alikuwa kaka yake baba, ami yangu Mbaraka bin Shehe. Hilo ndilo jina la kwanza.

Ami Mbaraka hakuwa mtu mbaya kama wale wa kwenye hadithi. Akipata samaki alituletea sisi kwanza. Alinichongea kibao cha kuandikia chuoni, na kilikuwa kizuri kuliko cha binti yake mwenyewe. Lakini alitaka kuulizwa. Ukitaka kukata mgomba uliooza, sharti umuulize. Ukitaka kwenda mazikoni, umuulize, na maiti angoje. Watu walicheka kwamba mkewe alipojifungua mtoto wa mwisho yeye akiwa safari ya Pangani, alirudi akanuna siku saba kwa sababu hakuambiwa. Sisi watoto tulicheka kuliko wote, hata binti yake Zuhura, aliyekuwa akinizidi mwaka mmoja na tukilala kitanda kimoja.

Sasa baba akaleta barua. Aliiandikisha kwa mtu huko Mombasa, ikaja mkononi mwa msafiri, na juu yake palikuwa na jina la mama, si la ami. Mwalimu wa chuo ndiye aliyetusomea. Baba alieleza kuwa chumbani mwao wanalala watu wanane, na kila mmoja ana picha ya mkewe na wanawe ukutani juu ya mkeka wake. Yeye peke yake ana msumari. Akamwomba mama, akipita mpiga picha, akae apigwe, mimi niwe pembeni yake, amletee naye atundike.

Mama alimwambia mwalimu, "Nirudilie hapo pa msumari." Mwalimu akamrudilia. Akaikunja barua, akaitia kifuani, wala hakumtajia ami. Miaka mingi nimejiuliza kama alisahau au aliacha makusudi. Hakuwa mtu wa kusahau.

Mpiga picha alikuja siku chache baada ya Idi. Alikuwa Mhindi Mwislamu wa Tanga mjini, jina lake Yusufali, mwembamba, baiskeli yake imefungwa masanduku nyuma na mbele mpaka ukajiuliza mwenyewe alikaa wapi. Adhuhuri alisali na wanaume msikitini, basi watu wakamridhia. Mbata zilikuwa zimeshauzwa na banda li tupu, akapewa alitumie. Akaziba nyufa kwa magunia, kwa maana kazi yake ilitaka giza. Siku ya kwanza ilikuwa ya wanaume, ya pili ya wanawake. Na wanawake atawafuata majumbani, uani, wasikae barazani kutazamwa.

Mwanamume wa kwanza kupigwa alikuwa Ami Mbaraka. Nawaomba mlishike hilo. Alivaa kanzu yake ya Idi, akaazima bakora ya imamu na saa ya mkono ya mtu mwingine, saa ambayo haikutembea tangu vita vya Hitla. Yusufali akajifunika kile kitambaa cheusi, akasema, "Tulia, mzee. Usipumue." Ami akakata pumzi. Yule bwana akawa bado anarekebisha hili na lile, na ami hapumui, mishipa ya shingo imemtoka, na sisi watoto nyuma tumeshikana mikono tusicheke. Picha hiyo ipo mpaka leo, kwa mwanawe. Macho yamemtoka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Alasiri Zuhura akanivuta mkono tukaenda nyuma ya banda. Gunia moja lilikuwa limelegea. Tukachungulia kwa zamu, halafu tukachoka zamu, tukabana vichwa pamoja. Ndani taa ya chemni ilikuwa imezungushiwa kioo chekundu, na kwenye meza sahani tatu pana zenye maji, na kwa ile taa maji yote mekundu. Harufu ya siki ilitutoa machozi. Yusufali akatumbukiza karatasi nyeupe, akaitikisa sahani taratibu kama mwanamke anayepepeta mchele. Kwanza ikatokea kanzu, haina mtu. Halafu mikono ikaja, na bakora. Mwisho, kutoka chini ya maji, ukaja uso wa Ami Mbaraka, macho yamemtoka.

"Baba kazama," Zuhura akaninong'oneza, na akauma kanga yake asicheke. Tulipokimbia tukafika kisimani akaniambia, "Hawa, usimwambie mtu. Watatuchapa." Nikaapa.

Kiapo changu hakikufika magharibi. Bi Mgeni alikuwa akinisuka nywele kwa ajili ya picha ya kesho. Yeye alikuwa jirani yetu, na ndilo jina la pili. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Alinivuta, nikalia, akaniambia mtoto mkubwa halii, nami nikataka aone kweli ni mkubwa. Nikamwambia, "Mimi nimemwona ami kwenye sahani. Kalala ndani ya maji mekundu." Nilisema maji. Namshuhudisha Mungu nilisema maji.

"Mekundu vipi?" akauliza, na mkono ukasimama kichwani mwangu.

"Mekundu tu."

Wale wasiokulia pwani huenda wasielewe. Siku zile kila mtu alijua habari za mumiani. Ilisemwa wako watu wanaokamata wenzao, wanawanyonya damu ikapikwe dawa, na kazi hiyo hufanywa mahali pa giza, kwa taa nyekundu, aliyekamatwa akiambiwa atulie. Leo wajukuu wa jirani zangu wanacheka. Sisi hatukucheka. Alipomaliza kunisuka, Bi Mgeni hakunywa hata kahawa aliyotiliwa. Akatoka nyumba hii akaingia ile. Maji yakawa damu. Asubuhi nilisikia kisimani kwamba sahani ilikuwa beseni, na ndani ya beseni mna nywele za watu.

Lakini huenda hata hayo yangepita. Vijana walikuwa wakibishana, wengine wakisema mbona sisi tumepigwa na tuko wazima. Neno liliwaponyoka mikononi kwa sababu ya yaliyotokea kwetu uani asubuhi ile, na mimi nilikuwepo, nimeshika upindo wa kanga ya mama.

Mama alikuwa amekwisha kuvaa. Ami akatoka chumbani mwake na mswaki mdomoni, akasimama.

"Shemeji, safari?"

"Siendi popote, shemeji. Napigwa picha mimi na Hawa. Baba Hawa kaandika."

"Kamwandikia nani?"

"Kaniandikia mimi."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Ami akautoa mswaki mdomoni, akautazama kama uliomsema yeye. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, shemeji," mama akasema, na sauti yake haikuwa na adabu ya siku zote. Ilikuwa na kicheko ndani. Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia hivyo.

Ami akageuka. Akatoka kwa mlango wa mbele. Baada ya muda kidogo kukasikika kelele barazani. Amelala kitandani huko nje, amefungwa kitambaa kichwani, anapepewa. "Tangu jana," alikuwa akisema, "tangu nikae mbele ya lile dude. Nilihisi kitu kinanitoka kisogoni. Usiku wote nasikia baridi. Damu yangu imepungua, jama." Mkewe akamwambia, "Mbona usiku ulikula wali sahani mbili?" Akamwambia, "Ndiyo hiyo damu inatafuta kurudi."

Ami alijua. Hilo ndilo nisilomsamehe. Wengine walidanganyika, lakini yeye alikwisha kuitwa bandani, akaonyeshwa sahani, akaiona picha yake ikitiwa maji na kukaushwa, akapewa, akaifunga kwenye kitambaa cha hariri na kuifungia kasha. Wakati analia damu yake imenyonywa, uso wake ulikuwa ndani ya kasha lake mwenyewe.

Sisi uani hatukujua kinachokuja. Yusufali aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimamisha sanduku lake la miguu mitatu, akamweka mama kwenye kiti cha baba, kiti pekee chenye mgongo nyumbani kwetu. "Mtoto asimame kulia. Mkono juu ya paja la mama. Vizuri." Akajifunika kile kitambaa. Nilisikia moyo wa mama kupitia paja lake. "Sasa tulieni. Msipumue."

Tukakata pumzi, mimi na mama yangu.

Ua la makuti likaangukia ndani. Vijana saba au wanane, na magongo, na mmoja ana upondo wa ngalawa. Sanduku likapigwa teke likaanguka kifudifudi, kioo chake kikalia. Yusufali alikuwa bado yumo ndani ya kitambaa, akawa anageuka geuka haoni anapigwa kutoka wapi. Alipochomoza kichwa alisema, "Jamani, mimi Mwislamu mwenzenu. Jana mmeniona msikitini."

"Ndiyo maana ulisali safu ya nyuma," mmoja akamjibu. "Ulikuwa ukichagua shingo."

Wengine wakacheka. Wakamtoa mpaka njia ya Pangani, na baiskeli yake wakamtupia huko, masanduku yamepasuka. Nilimwona akisimama kuifuta damu kwenye paji la uso kwa kofia yake. Ukiacha ya samaki na ya kuku wa Idi, damu iliyomwagika kijijini kwetu siku zile ilikuwa hiyo tu, yake.

Nilirudi uani mbio kumweleza mama. Nilimkuta pale pale kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, kama vile yule bwana alivyomweka. Ua limelala chini, karatasi zimetapakaa, kuku wanadonoa vipande vya kioo. Hakuwa analia.

"Hawa," akaniambia, "nenda kasimame pale lilipokuwa sanduku."

Nikaenda.

"Nitazame."

Nikamtazama. Nilitazama miguu yake. Alikuwa ametia hina jana yake, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto hina ilikuwa imevuka mstari, nikafikiri, Bi Mgeni kakosea hapa. Nikatazama kanga, nyekundu ya tende na madoa meupe ya korosho. Nikatazama kikuba cha asmini na rehani alichojibandika begani, kimeanza kunyauka. Halafu kuku mmoja akapita na uzi mdomoni, nikamfuata kwa macho.

"Tumemaliza?" nikauliza.

"Bado."

Nikasimama kidogo tena. Jua lilikuwa linaniunguza kisogo, na nilitaka kwenda kumwambia Zuhura kwamba yametokea haya na yeye hayupo.

"Umeniona?" mama akauliza.

"Nimekuona."

"Haya." Akainuka, akakirudisha kiti ndani.

Baada ya mwezi walikuja watu wa chanjo. Walikuja na sanduku pia, na chupa, na sindano, wakisema ndui imeonekana bara, watu wajitokeze. Ami Mbaraka sasa alikuwa amenaswa. Alikwisha kulala siku nne barazani kwa ajili ya sanduku lisilomgusa, angewezaje kuwaambia watu wanyooshe mikono wachomwe kweli? Akasema, "Ni wale wale." Alisema mara moja tu, na kwa sauti ndogo, nilimsikia. Kijiji kizima kikahamia mashamba ya mihogo. Tulilala huko siku mbili, tukala mihogo mibichi, na sisi watoto tukaona ni sikukuu. Mama aliulizwa na mwanamke mmoja kama anaamini. Akasema, "Mimi sijui. Lakini nikibaki peke yangu kijijini, nitasemwaje?" Watu wa chanjo walingoja msikitini, wakachoka, wakaenda zao kijiji cha pili. Kijiji hicho hakikuzika mtu.

Kwetu sisi, Zuhura ndiye aliyeanza. Siku ya kwanza homa na mgongo, siku ya nne vipele. Halafu mama. Halafu mimi. Tukatengewa kibanda shambani, tukauguzwa na bibi mmoja aliyeugua zamani akapona, ndiye peke yake aliyethubutu kuingia. Uso wangu ulivimba mpaka macho yakafumba. Mama alikuwa kitanda cha pili, karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Alikuwa akiniita, nami namwitikia. Siku moja akaniita, nikaitika, hakuendelea. Nikadhani kalala. Macho yalipofunguka, kitanda kile kilikuwa kimekwisha kuchomwa moto pamoja na mkeka wake.

Tuliozikwa kwetu ni kumi na wanne, Zuhura na mama wakiwemo. Tazama, nimeandika tuliozikwa. Nitaliacha hivyo.

Baba alipopata habari akaja, na mkononi ana fremu. Aliichongesha Mombasa, mti wa mvule, na kioo, tayari kwa picha aliyokuwa akiingojea. Aliingia uani akauliza kwanza habari ya picha, kabla ya kaburi. Watu walimwona mgumu wa moyo. Mimi simwoni hivyo. Baadaye mwalimu wa chuo alimwandikia Ayatul Kursii kwa wino wa zafarani, akaitia mle. Mimi akaniangalia muda mrefu. Kabla ya ndui watu walikuwa wakisema Hawa ni Mwantumu aliyefupishwa. Nikamwona akitafuta usoni mwangu kitu alichokuwa akikijua, anapita juu ya shimo hili na hili, na mwisho akakata tamaa akanishika kichwa tu. Wiki ile ile akanichukua Tanga, Nguvumali, kwa shangazi. Nimekulia huko. Kuolewa sikuolewa. Mnaweza kukisia kwa nini, na nisingependa mnionee huruma.

Tangu hapo nimejaribu kila njia. Nalala chali, nafumba macho, naanza kwenye miguu ya mama: hina, kidole kidogo, upindo wa kanga, mapaja, mikono, kikuba. Napanda pole pole nisimshtue. Nikifika shingoni, kiti kinakuwa kitupu.

Sasa nifike kwenye neno ambalo sijamwambia mtu.

Nilipokuwa mtu mzima, Ami Mbaraka alipeleka salamu Tanga kwamba anataka kuniona. Nilikuwa na miaka mingi sijakanyaga kijijini. Nikapanda lori la nazi nikaenda, na moyoni nilikuwa nimepanga maneno, tangu barua mpaka sindano. Nilimkuta mzee, mjane, amekonda, ameketi sebuleni chini ya ile picha yake ya bakora.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Utakunywa chai?"

Nikaketi. Chai ikaletwa na mkwewe. Akaulizia Tanga, akaulizia achari, bei ya siki. Halafu akasema bila kunitazama, "Hawa, mlikuwa mkilala kitanda kimoja."

"Na nani, ami?"

"Zuhura." Ilimtoka kwa shida. "Alikuwa anafananaje?"

Nikakizungusha kikombe mkononi.

"Nakumbuka kikohozi chake," akasema. "Nakumbuka alivyokuwa akiburuta viatu. Uso umenitoka. Mama yake angeniambia, naye keshatangulia. Nduguye alikuwa bado mchanga, na hakuna mwingine aliyebaki aliyekuwa naye. Nataka tu unieleze. Kidogo."

Maneno yangu yote niliyoyapanga ndani ya lori, sikuyahitaji. Aliniletea kisu mwenyewe, mpini upande wangu.

"Sikumbuki, ami," nikamwambia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu anayeambiwa duka limefungwa. "Kunywa chai, mwanangu, inapoa," akasema. Nikainywa yote. Alikufa kabla ya mfungo wa mwaka ule, sikwenda maziko.

Nilirudi Tanga nikiwa nimeshinda, na nikafurahi, sitawaficha, labda mwezi mzima. Ikanichukua miaka kuelewa nilichofanya. Nilikuwa mtoto mdogo mama aliponisimamisha mahali pa sanduku, sikujua kazi niliyopewa, na kwa hilo Mungu huenda akanisamehe. Kwa ami nilikuwa mtu mzima. Nilijua mtu anaomba nini akiuliza vile, nilijua kuliko mtu yeyote Tanga nzima, na nilikuwa nacho. Nikamnyima. Si yeye peke yake niliyemnyima, nilimnyima Zuhura, ambaye hakunikosea lolote ila kuniamini nikiapa. Basi jina la tatu ni Hawa binti Hamadi, na mnalisoma kwa mkono wake.

Nami sasa nazeeka. Juzi nilitafuta jina la kisima chetu cha maji ya chumvi nikalikosa siku mbili. Kwa hiyo nalieleza hapa lile ambalo ningemweleza ami, kabla na mimi halijanitoka.

Zuhura binti Mbaraka alikuwa maji ya kunde, mweusi kidogo kuliko mimi. Paji la uso pana, nywele zinaanzia mbali, mama yake akizoea kumtania kuwa ana uwanja wa mpira. Nyusi zilikaribia kukutana, na katikati palikuwa na kovu dogo la kuangukia jiwe la kusagia. Jicho la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto, hasa akiamka. Pua fupi ya ami, haswa ya ami. Akicheka hakufungua mdomo, kwa sababu jino moja la mbele lilikuwa limeota juu ya jingine na akilionea haya, basi mashavu yalijaa tu mpaka macho yakapotea. Sikio la kushoto lilitobolewa vibaya, tundu liko juu. Na kidevuni, upande wa kushoto, alikuwa na alama nyeusi ndogo kama mbegu ya ufuta. Watu waliokuwa wageni walikuwa wakinyoosha kidole kumpangusa, naye akingoja wasugue kwanza, ndipo awaambie haitoki.